Paka tuliyemwita Ajuza

Watoto wa mtaani ndo walimpa hilo jina, Ajuza, na mimi nilipomwona mara ya kwanza sikubisha. Uso wake ulikuwa umekunjana kama wa bibi aliyekula chumvi nyingi, ngozi ya paji imefanya mikunjo minene, kingo za masikio zimevimba zimefunikwa na magamba ya kijivu, yani kama majivu yaliyomwagiwa maji yakakaukia pale pale, na macho hayafunguki vizuri. Shingoni hana nywele. Na anajikuna, anajikuna mpaka damu inatoka, anapumzika kidogo anaanza tena.

Alikuja mwezi wa kumi na mbili, kwenye lile joto la Tanga ambalo usiku hata feni inasukuma hewa ya moto tu. Sisi tunakaa Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, na mimi nauza vitumbua na chai asubuhi hapo hapo barazani kwa nyumba ninayopanga. Naamka saa kumi usiku, nawasha jiko, unga nimeshauumua toka jana, kwahiyo yule paka mi ndo nilikuwa mtu wa kwanza kumwona kila siku maana alikuwa anakuja kulala karibu na jiko kufuata joto. Hilo joto lote la Tanga na yeye bado anatafuta moto! Baadae nilikuja kuelewa kwamba mnyama aliyekonda vile na ngozi imeharibika vile hata kulinda joto la mwili wake hawezi.

Paka Tanga ni wengi. Shuka Deep Sea asubuhi vyombo vinapoingia na samaki utawaona wamekaa wanasubiri utumbo wa vibua, wamenona, hawana shida na mtu. Kwahiyo watu wa huku hawachukii paka, naomba hilo lieleweke. Wanachukia paka wa upele. Paka akishaharibika ngozi ghafla anakuwa kitu kingine, mtu aliyekuwa anamrushia kichwa cha dagaa juzi leo anamrushia kiatu. Wateja wangu walianza, "dada huyo paka wako atatutia upele," nikawa nawajibu si wangu jamani, na kweli hakuwa wangu. Mpaka siku moja kaka mmoja, mteja wa kila siku, akamwagia chai. Chai ya moto. Paka alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akakimbia, na baada ya kama saa moja akarudi pale pale kwenye jiko kwa sababu hana pengine pa kwenda. Siku hiyo sikumaliza kuuza, nilifunga mapema.

Sasa hapa ndo kila mtu akawa daktari. Fundi baiskeli wa jirani akasema mpake oil chafu, ile inayomwagwa gereji, mbwa wao walimpaka na upele ukakauka. Mwingine akasema mafuta ya taa. Mwingine dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na hawa watu hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanataka kusaidia, ndo maana nalisema hili kwa urefu kidogo kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa na kopo la oil liko nyuma ya mlango. Paka si mbwa. Paka anajilamba mwili mzima kila siku ya maisha yake, chochote unachompaka kwenye ngozi umempa anywe. Oil chafu ina masizi na vyuma vya injini ndani yake, inaingia tumboni inaenda kwenye ini na figo, na mafuta ya taa juu ya ngozi iliyochanika yanaunguza. Dawa za kuogeshea mifugo nazo nyingi, pamoja na zile za viroboto za mbwa zenye pamethrini, kwa paka ni sumu, ini lake halina uwezo wa kuivunja hiyo kitu kama ini la mbwa, anaanza kutetemeka, anapata degedege, anakufa. Na Panadol, kwa sababu nishaona mtu anamsagia paka anayeumwa, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.

Mama mwenye nyumba wetu ni mtu mzima sana, ametoka Muheza huko juu Amani, na ndo aliyenifanya niache kusema "si wangu". Nilimwamkia asubuhi moja, shikamoo mama, akaitika marahaba, alafu akaniuliza yule mgonjwa wako amekula? Nikamwambia mama, wateja wanalalamika, wanasema ni najisi. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, Abu Qatada alikuwa anatawadha, paka akaja ana kiu, akamwinamishia chombo paka akanywa, na yale maji yakabaki ni ya udhu. Mtume kasema hao si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Sasa wewe wa vitumbua ndo msafi kumzidi nani?" Hakusema kwa ukali. Mimi niliingia ndani nikakaa.

Basi nikaenda duka la dawa za mifugo. Nikamweleza muuzaji, akasema dawa yake ni ivamektini tu, akanitolea chupa ya sindano ya ng'ombe na mbuzi na bomba, akaniambia mchome mili moja, chini ya ngozi, kwisha habari. Mili moja. Niliuweka huo mzigo kwenye mfuko nikarudi nyumbani, na usiku ule nikamtegea paka kichwa cha kibua kwenye kona ya baraza, bomba liko mkononi limeshajazwa. Kila nikinyoosha mkono anaondoka. Nilijaribu mpaka saa tano usiku nikashindwa, nikachoka, nikalia kidogo kwa hasira nikalala. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa kule kukataa kwake kushikwa, na sasa hivi naeleza kwanini.

Kesho yake nilipiga simu kwa mtu anayenijua, akanipa namba ya daktari wa mifugo, kijana tu, amesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro. Akaniambia usimchome chochote, mlete. Nikaazima tenga la kuku sokoni, lile la fito lenye kifuniko, nikaweka kanga ya zamani ndani na samaki, na safari hii nikatumia akili, sikukaa karibu. Niliufunga mlango wa tenga kwa kamba ndefu nikakaa mbali, alipoingia nikavuta. Kosa langu lilikuwa kutaka kuipanga vizuri ile kanga na mkono mtupu. Aliniuma kidole gumba, meno yakazama.

Nisikilize hapa. Ukiumwa na paka usiyemjua, usipake kitunguu, usifunge kitambaa ukaendelea na kazi. Kichaa cha mbwa kinaitwa cha mbwa lakini paka pia anakipata na anakiambukiza. Niliosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili kwa saa, alafu nikaenda hospitali, nikachomwa sindano ya kwanza siku ile ile na nyingine kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Daktari wa mifugo naye akasema paka afungiwe siku 10 aangaliwe, maana mnyama anayeambukiza kichaa haponi, ndani ya siku hizo angeonyesha au angekufa. Kwahiyo Ajuza akawa mgeni wangu kwenye stoo kwa lazima.

Lakini ngoja nirudi kwenye meza ya daktari, kwa sababu pale ndo nilijifunza kitu. Alimvika taulo, akambana taratibu, akafungua mdomo akacheka. Sikuelewa anacheka nini. Akasema, "Dada, huyu unayemwita Ajuza hajafika hata miaka miwili, tazama meno." Meno meupe, makali, hayana ukoga hata kidogo. Ile mikunjo yote ya usoni haikuwa uzee, ni ngozi iliyonenepa kwa sababu ya vidudu vinavyochimba ndani yake. Mtaa mzima tulikuwa tumekubaliana kwamba huyu ni bibi, ameshaishi zake, aachwe afe. Na alikuwa binti.

Akachukua kisu kidogo butu chenye tone la mafuta akamkwangua pembeni ya sikio, akapaka kwenye kioo, akaweka kwenye hadubini, akaniita niangalie. Niliona viduara vyenye miguu mifupi mifupi, vinatembea, na mgongoni vina mistari ya mzunguko kama alama ya kidole gumba ukibonyeza wino. Na mayai. Mengi. Anaitwa Notoedres cati, akaniandikia, ni aina ya utitiri, ndugu wa yule anayeleta upele kwa binadamu. Jike anachimba handaki kwenye ngozi anataga humo, mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, na mpaka kidudu kipya kikomae kinataga na chenyewe ni wiki mbili hadi tatu. Upele wake unaanzia kwenye kingo za masikio, ukaenda usoni, shingoni, alafu unahamia miguuni na karibu na mkia. Nikauliza kwanini unaruka mgongo? Akasema mwangalie paka anavyolala. Anajikunja, uso unakutana na miguu na mkia. Na anaposafisha uso anatumia mguu wa mbele. Ugonjwa unafuata tu alama za mwili wake mwenyewe anavyougusa. Hiyo ilinikaa kichwani wiki nzima.

Nilidhani ni fangasi, mapunye, kwa sababu ndo ninayoijua. Akasema mapunye ya paka mara nyingi nywele zinakatika kwa viduara, na hayo kweli yanaambukiza watoto vizuri tu, dawa yake nyingine kabisa, ukimchoma ivamektini mwenye fangasi umepoteza muda. Viroboto navyo vinaleta vipele zaidi mgongoni karibu na mkia. Na kuna kitu kingine akanitajia, akauliza kama mtaani kuna paka mweupe mwenye vidonda kwenye ncha za masikio visivyopona. Nikashtuka maana yupo, pale kwa muuza samaki, miaka sasa. Akasema huyo mlete pia, paka weupe kwenye jua letu hili wanapata saratani ya ngozi ya masikio, na ikiwahiwa inakatwa ncha tu anapona. Kumbe magonjwa ya ngozi si kitu kimoja, na sisi wote tunaita upele tu tunamalizia na fimbo.

Alafu nikamtolea ile chupa ya dukani nikamwambia nilivyoelekezwa. Akamweka Ajuza kwenye mzani, kilo 2 kamili. Akanionyesha maandishi kwenye chupa, mili moja ni ya kilo 50. Akachukua bomba la insulini, lile la wenye kisukari lenye vistari mia kwenye mili moja, akavuta vistari vinne. Vinne. Nilichokuwa nimekishika usiku ule barazani kilikuwa dozi mara 25. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki miguu haina nguvu. Ndo maana siandiki hapa "nunua hii mchome", na ninaomba msinitumie meseji kuniuliza vistari vingapi kwa paka wa kwenu, hata wadogo sana na wenye mimba wana mambo yao. Mpeleke apimwe uzito na mtu anayejua. Kwa siku ile ya kwanza yote, hadubini, sindano, na antibayotiki kwa sababu vidonda vilishaanza usaha, nililipa elfu 25. Kitumbua nauza 200. Ni vitumbua 125, ni asubuhi mbili za kazi, na nilikuwa nimeamini kwamba kutibu paka ni mambo ya watu wenye geti.

Niliporudi nikamweleza mama mwenye nyumba jina la dawa, akatamka pole pole, i-va-mek-ti-ni, alafu macho yakamwangaza. "Si ile dawa ya usubi?" Ni kweli ndo hiyo hiyo. Huko kwao milimani usubi ulikuwa unawala watu ngozi kwa kuwasha na kuwapofusha, na walikuwa wanakuja wagawa dawa kijijini na fimbo ya kupimia urefu, unasimama nayo, urefu wako ndo unasema umeze vidonge vingapi. Akaniambia kabla ya dawa mama yake alikuwa anajikuna mgongo kwa gunzi la muhindi mpaka ngozi ikawa kama ya mjusi, na watu walikuwa wanakwepa kukaa naye mkeka mmoja. Ilitoka kwenye bakteria wa udongo wa Japani hiyo dawa, na waliohusika, Satoshi Ōmura na William Campbell, wakapewa Nobel mwaka 2015. Mama hakujali sana hiyo ya Nobel. Alikuwa anaangalia stoo. Akasema, "Kumbe na yeye anaumwa ya mama."

Toka siku hiyo ni yeye aliyekuwa anampelekea maji.

Kumuuguza kwenyewe hakukuwa kugumu. Nilikuwa na dera moja la kuingilia stoo tu, nikitoka nalivua naloweka kwenye maji ya moto, mikono sabuni mpaka viwikoni, kwa sababu nashika chakula cha watu na sikutaka mtu aje aniambie kitu. Kanga anayolalia nabadilisha kila baada ya siku mbili, naichemsha naianika juani, maana vile vidudu nje ya mwili wa paka havimalizi siku nyingi. Magamba usibandue, unaondoka na ngozi, mi nilikuwa nalainisha na kitambaa na maji ya uvuguvugu yanadondoka yenyewe. Chakula, vichwa vya vibua vya kuchemsha bila chumvi, na maini ya kuku siku nikiuza vizuri. Na ndio, niliwashwa, vipele vidogo mikononi kwa ndani na tumboni pale nilipombeba. Daktari akanitoa wasiwasi, huyu kidudu wa paka akiingia kwa binadamu anauma tu lakini hawezi kuzaliana kwetu, paka akipona na wewe unakauka. Ilichukua kama wiki mbili vikaisha.

Siku ya nne alilala. Hilo ndo ninalolikumbuka kuliko yote. Niliingia saa kumi usiku nikidhani amekufa maana nilishazoea kusikia kucha zinakwangua, nikamulika na simu, amelala ubavu, miguu ameinyoosha, anapumua. Sijui alikuwa na miezi mingapi hajalala hivyo.

Sasa kosa langu. Siku 10 zikaisha, kichaa hana, magamba yamedondoka, masikio mekundu lakini safi, analia anataka kutoka, na mimi stoo naihitaji. Nikamfungulia. Daktari alishasema sindano ya pili siku ya 14, lazima, kwa sababu dawa inaua vidudu vilivyoanguliwa ila mayai yanabaki, na hayo yakitoka bila kukuta dawa mnaanza upya. Nilijua. Nikasema atakuja tu kula, nitamkamata. Siku ya 12 hakuonekana, siku ya 14 hakuonekana, nikazunguka na tenga barabara zote za huku jioni mpaka watu wakaniuliza kama nimeibiwa kuku. Akapotea mwezi na zaidi. Alirudi masika ilipoanza, mvua imemlowesha, masikio yamerudi majivu yale yale, na mikunjo imeshaanza tena. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa stoo akakaa. Mlango wenyewe nilikuwa nimeujazia magunia ya mkaa.

Niliyatoa magunia usiku ule ule. Safari hii nilimweka mpaka mwisho, sindano tatu, kila moja siku 14 baada ya nyingine, elfu 10 kila moja, na ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano. Manyoya ya usoni yalianza kuota kama vumbi, alafu yakajaa, ana doa jeupe juu ya pua ambalo hakuna mtu alikuwa analijua. Kilo 3 na kidogo. Tumeshapanga kumfunga kizazi mwezi ujao, hela naweka kwenye kopo. Jina watoto wamekataa kubadilisha, bado wanamwita Ajuza, na yeye anaitika.

Yule kaka wa chai bado ni mteja. Hatujawahi kuliongelea. Juzi Ajuza alikaa karibu na mguu wake, kaka akamwangalia, akavuta mguu pembeni kumpisha nafasi akaendelea kula.

Ila daktari aliniambia kitu mara ya pili nilipompeleka, kwamba alikokuwa huo mwezi mzima hakuwa peke yake, na paka mwenye vidudu hivi lazima utibu na anaolala nao. Kuna shume mmoja mkubwa, sikio limechanika, alianza kumfuata mpaka barazani, anakula mabaki yake kwa mbali. Wiki iliyopita nilimwona anajikuna. Jana nikamwangalia vizuri alipoinama kunywa, na kwenye kingo za sikio lile zima kuna majivu.

Tenga nimeliazima tena. Liko kwenye kona ya baraza sasa hivi naandika, kamba ninayo mkononi, na kichwa cha kibua kiko ndani.